Ovakado Nyuma ya Gurudumu

Ukitaka nikuambie kama kitufe cha hold, kile kinachoshika breki gari likisimama, ni kizuri au kibaya, shuka kwanza kwenye gari, zunguka nyuma, uangalie ovakado niliyoweka karibu na gurudumu. Ukirudi kwenye usukani utakuwa umejua unazungumza na nani. Mimi ni Kawira, mama yake Kendi. Nimefundisha watu udereva hapa Meru mpaka magoti yangu yakaomba kustaafu kabla yangu. Wengi wa madereva mnaokutana nao kati ya Embu na Maua niliwapigia kelele walipokuwa vijana kama nyinyi, na wachache hunisalimia bado.

Habari ya ovakado ni hii. Anayejifunza gari huogopa mlima kuliko anavyoogopa trafiki, na kwetu mlima haukwepeki. Ukitumwa chumvi dukani utapanda mmoja na kushuka mwingine. Kwa hivyo kuondoa gari mlimani ndilo lililokuwa somo lenyewe, mengine yalikuwa mapambo. Nilisimamisha gari kwenye mteremko, nikashuka, nikaweka ovakado iliyoiva nyuma ya gurudumu, kisha nikamwambia mwanafunzi, haya, ondoka. Gari likirudi nyuma umekosa somo na umekosa chakula. Likienda mbele tunaila pamoja, maana chumvi haikosekani kwenye mkoba wangu.

Wanafunzi nao ni wajanja. Kuna waliokuja na ovakado zao kutoka nyumbani, eti zawadi ya Mwalimu, ngumu kama mawe. Hizo hata lori lingezipanda na zisionyeshe alama. Nikaanza kuzibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kuziweka chini. Ngumu nilizipeleka kwangu zikaiva taratibu, na mwenye zawadi nikampa yangu iliyolainika ajaribu nayo. Hakuna aliyewahi kunilalamikia, kwa kuwa kila mmoja alijua kwa nini.

Mimi mwenyewe nilifundishwa Embu, na Mzee Njeru, kwa pikapu kuukuu ambayo hendibreki yake ilikuwa ya kuning'inizia kofia tu. Mzee Njeru alikuwa na jiwe lake chini ya kiti, limechongoka upande mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuliazima. "Kawira," aliniambia, "breki ni tatu. Kuna mguu, kuna mkono, kuna jiwe. Ukijua moja tu wewe ni abiria amekalia kiti ya dereva." Kilichomkasirisha zaidi ya yote ni dereva anayetia jiwe nyuma ya gurudumu, halafu akiondoka analiacha pale pale barabarani limuue mwenzake. Akiliona alisimama, akashuka, akalitupa kando huku akimsema mwenyewe kwa Kiembu, kwa adabu zote, bila kugusa mama wa mtu. Siku moja njia ya Kiambere niliondoka nikalisahau lile jiwe lake. Alisubiri tufike kivulini, akazima gari, akanionyesha kwa kidevu tulikotoka. Nilirudi kulichukua kwa miguu, na jua la Mbeere mnalijua.

Sasa fikiria mtu aliyelelewa hivyo anaingia kwenye gari la Kendi, binti yangu. Kendi ni mwalimu wa shule kule Kiirua, na alipopata gari, alipata la otomatiki lililotoka Japani, lina skrini inayozungumza lugha ambayo hatuielewi wote wawili. Tulipofika kwenye mlima, mimi nikiwa kwenye usukani, msururu wa magari ukasimama mbele yetu. Mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta hendibreki. Ukashika kikombe cha chai.

"Mami, hakuna hendibreki," Kendi alisema akicheka. "Toa mguu tu. Gari itajishika."

"Nitoe mguu mlimani?"

"Toa. Si unaona hiyo taa ya kijani? Hiyo ni hold. Ukisimama inashika breki, ukikanyaga mafuta inaachilia."

Nikautoa mguu huku nikiomba kimoyomoyo. Gari likabaki pale pale. Nyuma yetu palikuwa na lori, na mimi nilikuwa nikiliangalia kwenye kioo bila kupepesa. Niliporudi nyumbani nikamwambia Kendi kwamba mashine hiyo itazaa madereva wasio na miguu. Nilisema kwa hasira, na nilimaanisha.

Nanyi mkitaka kusikia watu wakibishana juu ya hold, nendeni Jumamosi pale tunapooshea magari karibu na mto Kathita. Mutwiri, aliyebeba viazi kwa lori maisha yake yote, ndiye jaji mkuu. "Hiyo ni breki ya wavivu," atakuambia. "Mguu ikizoea kulala, siku utaiamsha itakuuliza kwani kuna nini." Kendi naye hamwachii nafasi. "Mzee, wewe ulibeba waru, na waru hazina haraka. Mimi natoka shule nimechoka, napata jam Makutano, mguu inatetemeka kwa breki. Hold inanipumzisha." Kijana mmoja wa teksi yeye huizima akitaka kuegesha, kwa sababu anataka gari lisonge kidogo kidogo, nalo linashika, na akigusa mafuta linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Mwingine analalamika kwamba aliye mbele yake akitumia hold, taa nyekundu za breki zinamwakia usoni muda wote wa foleni. Yote hayo ni kweli. Nimeyajaribu yote, na sijaona hata moja la uongo.

Siku niliyotaka kuwaambia habari zake, Gitonga alikuwa pale anaosha gari la bosi wake. Gitonga ni mwanafunzi wangu wa zamani, mtu mpole, dereva wa Hajji Abdi mwenye duka la vitambaa Maua. Kazi yake kubwa ilikuwa kumleta mama yake Hajji kliniki Meru na kumrudisha. Mwaka huo alikuwa ameanguka na boda boda akaumia goti la kulia. Alisikiliza ubishi wote bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Mimi bila hiyo hold singekuwa na kazi saa hii."

Wakacheka wote, Mutwiri akiwa wa kwanza. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Gitonga hakucheka. Aliinama akaendelea kusugua magurudumu, na mimi nikaliona goti lile halikunjiki vizuri. Niliona, nikaondoka.

Baada ya siku chache akaja kwangu. Alikaa kwenye kiti cha nje bila kuegemea, akaniambia lililompata Laare. Alikuwa akimrudisha mama yake Hajji kutoka kliniki. Pale sokoni panapanda, na watu wa miraa wamejaa barabarani na marobota na boda boda zao. Mkokoteni ukakatiza mbele yake, akasimama, akatoa mguu kwenye breki kama alivyozoea. Gari likarudi nyuma. Kabla mguu haujafika tena kwenye breki, boda boda ya mnunuzi mmoja ilikuwa imelala chini na mwenyewe ameruka pembeni. Hakuna aliyeumia, lakini mama wa watu kwenye kiti cha nyuma alipiga kelele mpaka soko likanyamaza.

"Hajji anasema goti imenimaliza," Gitonga alisema. "Mama naye amekataa kubebwa na mtu wa mguu moja. Lakini Mwalimu, hold ilikuwa on! Mimi huiwasha asubuhi, kila siku."

"Mkanda?" nikamuuliza.

"Mkanda nilikuwa nimefunga. Hata polisi waliniona."

Hapo ndipo nilipomshika. "Ulikuwa umeufunga tangu Meru, ama tangu kwa polisi?"

Akatazama chini. Nyinyi vijana mnajua tabia hii, msijifanye. Gari la siku hizi hulia usipofunga mkanda, basi dereva wetu anaupitisha nyuma ya mgongo wake, anauchomeka kwenye kifungio, gari linanyamaza, naye anaendelea na safari akiwa huru kama ng'ombe wa malishoni. Akikaribia kizuizi cha polisi anauchomoa haraka, anauvuta kifuani, anauchomeka tena. Gitonga alifanya hivyo kabla ya Laare. Lakini gari lile, na mengi ya namna hiyo, ukichomoa mkanda linazima hold. Ukiurudisha haliiwashi, lazima ubonyeze tena. Siku zote alizokuwa akivunja sheria, hold ilifanya kazi. Siku aliyofunga mkanda kama raia mwema ndiyo siku gari liliporudi nyuma.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye pia akacheka, kidogo. Kisha akauliza, "Sasa si utaambia Hajji sio goti? Ni mkanda tu."

Nikataka kumwambia ndiyo. Mke wa Gitonga alikuwa na mtoto mchanga, na kazi ya kuendesha gari zuri la mtu mstaarabu kama Hajji haiokotwi njiani. Lakini Hajji mwenyewe alikuwa amenipigia simu asubuhi ile. "Mwalimu, wewe ndiwe uliyemfunza," alisema. "Nipe neno moja tu. Nimwachie funguo ama nichukue? Nitakaloambiwa na wewe ndilo nitakalofanya." Neno la namna hiyo haliwezi kutolewa ukiwa umeketi barazani.

Tukakutana kwenye barabara ya murram upande wa Kiirua, isiyo na lami wala magari mengi. Gitonga alikuja na gari, na kwenye kiti cha nyuma alikuwepo mama yake Hajji, amejifunga leso juu ya buibui, mkoba magotini. Sikumtarajia. "Mimi ndiye ninayebebwa," aliniambia kabla sijauliza. "Basi na mimi nitaona."

Nilianza na mlima. Nilimwambia Gitonga afunge mkanda mbele ya kifua chake, abonyeze hold, nikaweka ovakado. Aliondoka vizuri, ovakado ikabaki nzima. Nikamwambia azime hold atumie breki ya mkono, ambayo siku hizi ni kijiti kidogo unachokivuta kwa kidole. Akaondoka vizuri tena. Nikamwambia sasa mguu peke yake, kama nilivyokufundisha. Goti likachelewa. Nilisikia ovakado ikipasuka hata kabla sijageuka.

"Imekwisha?" mama yake Hajji akauliza.

"Bado, Mama. Kwa ovakado pekee siwezi kumnyima mtu funguo."

Na hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu kuhusu hicho kitufe. Mlima una njia tatu, kama Mzee Njeru alivyosema, na hold ni jiwe jipya tu, jiwe lisilosahaulika barabarani. Mtu akishindwa na mguu atumie mkono, akishindwa na mkono atumie kitufe. Sikuona dhambi yoyote. Gari lililosimama linaweza kushikwa na kitu chochote. Lililo kwenye mwendo linashikwa na mguu wa dereva, na kitufe hicho hakina habari nalo.

Tukaenda mahali palipo tambarare. Nikatandaza gunia tupu katikati ya barabara, nikarudi kukaa kando ya Gitonga. "Endesha kawaida. Nikigonga dashibodi, simama kabla ya gunia."

Mara ya kwanza nilipogonga alisimama vizuri. Mara ya pili alisimama, lakini nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo. Mara ya tatu niligonga, na mguu ulienda, ila ulienda kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Tulipita juu ya gunia. Halikufanya hata kishindo, gunia tupu litafanya kishindo gani, lakini sote watatu tulilisikia.

Gitonga akasimamisha gari mbele kidogo. Hold ikashika, taa ya kijani ikawaka.

"Mwalimu, si mara mbili nimesimama?"

"Mara mbili umesimama."

Akangoja niongeze neno. Niliumia, tena sana, kwa sababu nilimkumbuka alipokuwa kijana wa shati moja, akiila ovakado yake ya kwanza mlimani kwa mikono miwili. Kama angebishana nami siku ile sijui ningesimamia wapi. Alikaa akiangalia mbele, mikono kwenye usukani. Kisha akavuta breki ya mkono, akazima gari, akafungua mkanda polepole, akageukia upande wangu akinipa funguo.

"Usimpigie Hajji," akasema. "Nitamwambia mwenyewe. Hii hold imenificha, Mwalimu. Kila nikisimama ilikuwa inanipumzisha, nikasema nimepona."

Kabla sijanyoosha mkono, mkono mwingine ulitoka nyuma ukaichukua ile funguo. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama yake Hajji alisema. "Wewe umeyatoa mwenyewe. Nenda katibiwe, mwanangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Akaifunga funguo kwenye pindo la leso yake, fundo juu ya fundo. "Abdi ana nyingine, atampa mjukuu wangu anipeleke huku na huku. Hii yako itakaa hapa."

Mimi ndiye niliyeendesha gari kurudi mjini, maana gari lile huwaka mradi funguo iko ndani, hata ikiwa fundoni mwa leso, nikiwa na hold imewashwa, na sikumwambia Mutwiri.

Gitonga alienda hospitalini akafundishwa mazoezi. Wale wa mazoezi hawana huruma, nawaheshimu. Hajji alimpa kazi ya kupima vitambaa dukani ili aendelee kula, kazi aliyoichukia, maana anasema kitambaa hakina usukani. Mkewe aliniambia alikuwa akipanda mlima wa nyuma ya nyumba yao kila asubuhi kwa miguu, akishuka kinyumenyume kama alivyoelekezwa, na majirani wakidhani amerogwa. Mvua zikaja, zikaisha, mahindi yakavunwa.

Kisha siku moja akapiga hodi kwangu. Nje kulikuwa na gari la Hajji, mjukuu kwenye usukani na bibi yake nyuma, na Gitonga amesimama mlangoni akiwa amebeba ovakado kwa mikono miwili.

"Zawadi ya Mwalimu," akasema.

Nikaipokea kwa mashaka, nikaweka kidole gumba. Kidole nusura kiingie ndani. Ilikuwa imeiva mno, ngozi imelegea, hata kuibeba kwenye gari ilibidi niipakate. Katika ovakado zote za shamba la mama yake, alikuwa amechagua iliyo laini kuliko zote.

Tulianza na gunia. Niligonga dashibodi mpaka vidole vikaniuma, nikagonga anapotarajia na nikagonga anapoongea, na kila mara gunia lilibaki mbele yetu. Tukaenda mlimani. Nikaweka ovakado, nikarudi kukaa, na kabla sijasema neno Gitonga alinyoosha kidole akazima hold mwenyewe. Taa ya kijani ikafa. Mguu ukatoka kwenye breki ukaenda kwenye mafuta, na gari likapanda.

Nilishuka nikarudi kuangalia. Ovakado ilikuwa pale pale, haina hata vumbi la tairi. Nilipoinua macho, gari lilikuwa limesimama juu kidogo, na mama yake Hajji ameshusha kioo, anahangaika na fundo la leso kwa meno.

"Mwalimu," aliniita, "chumvi unayo?"